Safari ya Kumtafuta Mchezaji wa Kumi na Mbili

Mwende aliniuliza kanisani. Mama wa mboga akaniuliza nikichagua nyanya. Dada zangu wakaniuliza kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake. Nyote mlitaka kujua nilikuwa wapi zile siku tatu, nilienda kutafuta nini, na kwa nini kitabu nilichowaahidi bado hakijatoka. Kila mmoja nilimpa jibu fupi, na majibu hayakufanana, jambo ambalo limenisumbua tangu hapo. Sipendi habari yangu mwenyewe ikizunguka kwa namna tatu. Kwa hivyo nimeketi kuiandika mara moja, kwa wote. Nakala tatu za kwanza nimezichana.

Kwa wasiojua nilichokuwa nikiandika: ni historia ya ligi ya mpira ya daraja la pili iliyokuwa huku kwetu katika miaka ya tisini. Ilikuwa na timu kutoka Kitengela, Isinya, Kajiado, Bissil, Embulbul, Rongai na Magadi, na kila mwaka timu iliyoongoza ilipanda daraja. Mimi sikumaliza shule, na hakuna aliyenifundisha kuandika historia. Nilijifunza kwa magazeti ya kufungia nyama na vitabu vya kuazima. Labda ndiyo maana niliogopa sana kukosea. Nilitaka kila mechi iwe na mstari wake: nani alicheza na nani, wapi, na nani alishinda. Baada ya mwaka mzima wa kuuliza nilikuwa nimejaza mistari yote isipokuwa mmoja, wa mechi ya mwisho kabisa, Kajiado dhidi ya Kitengela.

Baba yangu alikuwa katibu wa timu ya Kitengela. Siku hiyo, kule Kajiado, tulifungwa bao moja na wenyeji wakawa wamepanda daraja. Kabla ya timu yetu kuondoka mjini, baba alipeleka malalamiko kwa kamati ya ligi: katika kipindi cha pili Kajiado walikuwa na watu kumi na wawili uwanjani. Alikuwa amewahesabu mwenyewe. Kajiado wakakataa. Kamati ikaita mashahidi, ikashindwa kuamua, ikaahirisha kikao. Kisha ikaja ile mvua ya El Nino, barabara zikakatika, na kikao hakikukaa tena. Ligi ilifia hapo, faili ikiwa wazi. Hadi leo kuna watu Kajiado wanaosema ligi iliuawa na karani mmoja wa Kitengela.

Karani huyo ndiye ninayekunywa naye chai kila asubuhi. Nikiandika kumi na wawili, baba alikuwa sawa na watu wamemwonea miaka hii yote. Nikiandika kumi na mmoja, basi baba alisema uongo, na uongo wake ukaua ligi. Anajua kwamba naandika. Kila Jumapili aliniuliza, "Umefika wapi?" nami nikajibu, "Karibu." Hakuniuliza nitaandika nini. Mimi pia sikumuuliza ni nini hasa alichoona, kwa woga tu. Nikaona afadhali niende kuuliza watu wasionijua.

Kitengela hadi Isinya

Nilitoka na Mutua, ambaye siku hizi anaendesha lori la kokoto. Zamani alikuwa kipa wetu, na lile bao moja lilipita kwake. Uwanja wetu wa nyumbani tuliupita kabla hatujafika barabara kuu. Sasa una nyumba za kupangisha za orofa nne, na nguo zimeanikwa pale ambapo Mutua anasema palikuwa na goli.

"Hapo kwa hizo blanketi," akanionyesha. "Hapo nilishika penalti ya watu wa Embulbul."

"Na ile bao ya Kajiado je?"

"Ile ilikuwa ofsaidi."

"Makipa wote husema ofsaidi."

"Na makatibu wote husema kumi na wawili," akajibu, kisha akanitazama haraka kuona kama nimeumia. Niliumia, lakini nilicheka.

Hatujafika Isinya lori likachemka. Bomba la rejeta lilikuwa limepasuka, na Mutua akamtuma mwenye baiskeli aliyekuwa akipita alete jingine kutoka kwa fundi anayemjua. Tulikaa kando ya barabara zaidi ya saa tatu. Mutua akafungua bakuli la muthokoi lililopikwa na mkewe, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, baridi kabisa, tukala kwa kijiko kimoja kwa zamu. Nilikuwa nimeandaa maswali ishirini na kuyapigia mistari kwa rula. Nikamuuliza la kwanza.

"Walikuwa wangapi?"

"Nekesa, mimi nilikuwa golini. Kipa anaangalia mpira, hahesabu watu. Hiyo ilikuwa kazi ya baba yako. Yeye alikuwa anasimama hapo na kalamu, anahesabu mpaka chupa za maji."

"Hukuona kitu chochote kisicho cha kawaida?"

Akatafuna akifikiri. "Hapana. Niliona tu ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Si ni wale walipita uwanjani kipindi cha pili, upande wa goli lao. Hiyo si kitu. Ng'ombe wakipita mnachezea upande ile ingine mpaka wamalize."

"Na refa hakusimamisha mechi?"

"Refa alikuwa mtu wa huku. Asimamishe mechi juu ya ng'ombe? Wangemcheka mpaka Namanga."

Niliweka kijiko chini. Mwaka mzima nilikuwa nimewahoji wachezaji, waamuzi, hata mwanamke aliyekuwa akifua jezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia ng'ombe. Hawakunificha. Kwao halikuwa jambo la kutajwa, kama vile mtu hawezi kukuambia kwamba mechi ilichezwa juu ya ardhi. Nikajiuliza ni mambo mangapi mengine yaliyokuwa hayamo katika daftari langu kwa sababu kila mtu alidhani nayajua. Nilitaka kurudi nyumbani nianze upya kutoka ukurasa wa kwanza.

"Kula," akasema Mutua. "Ni zamu yako."

Kajiado

Mutua alinishusha Isinya, na alasiri nikafika Kajiado. Mwenyekiti wa kamati ya ligi alifariki zamani, lakini nilikuwa nimesikia kwamba mjane wake, Mama Naserian, alihifadhi karatasi zake. Anaishi nyuma ya soko la mifugo. Nilibisha hodi nikiwa na faili ya bluu kwapani na rula mkononi. Alifungua mlango nusu, akaitazama faili.

"Shamba haiuzwi," akasema kabla sijamsalimia.

"Mama, sijakuja kwa shamba."

"Nyinyi wote husema hivyo. Mnakuja na faili, mnakunywa chai, halafu mnauliza mawe ya mpaka iko wapi."

"Mimi nimekuja kwa habari ya mpira. Ligi ya zamani."

"Mpira pia iliuzwa. Kiwanja yote imekuwa ploti." Akaanza kufunga mlango.

Nilikuwa nimepanga kutomwambia mtu yeyote Kajiado mimi ni nani. Nilikuwa hata nimebuni jina, na kulifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini mlango ulikuwa unafungwa, nami siwezi kudanganya nikiwa na haraka. Nikasema, "Mimi ni msichana wa Katibu wa Kitengela."

Mlango ukasimama. Mama Naserian alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ule wa kumi na wawili?"

"Huyo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ingia basi. Ingia uone nyumba ya watu wezi."

Alinipa chai ya maziwa na chapati mbili, akakaa karibu nami kuhakikisha nazimaliza. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu mumewe amesimama katikati ya vijana waliovaa jezi nyekundu. Nilipouliza jezi hizo ziliishia wapi, alishangaa. Kila mwaka, alisema, timu iliponunua jezi mpya, zile za zamani ziligawiwa wachezaji waliostaafu, na wao walizivaa wakichunga mpaka zikachakaa. Enzi hizo ungeweza kwenda mpaka Namanga ukikutana na jezi za Kajiado zikiwa nyuma ya ng'ombe. Niliandika hayo kwa sababu naandika kila kitu. Sikuona maana yake.

Kisha akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Humo, chini ya risiti na kadi za michango, palikuwa na kumbukumbu za kikao cha mwisho, kwa mwandiko wa mumewe. Mashahidi walikuwa wengi, na kila mmoja alisema alichotarajiwa kusema. Aliyebaki alikuwa mshika kibendera wa upande wa soko, Mzee ole Sankale, ambaye hakuwa na timu. Aliulizwa mara tatu wachezaji wa Kajiado walikuwa wangapi. Mara tatu alijibu kwamba walikuwa ni watu anaowajua. Mwenyekiti alikuwa ameandika chini yake: shahidi hataki kusema.

Jina hilo nililijua. Mzee ole Sankale alikuwa rafiki mkubwa wa baba. Kabla ya mechi hiyo, baba akienda Kajiado alilala kwake, na mzee akija Kitengela alilala kwetu. Waliwahi kupeana kondoo, na tangu siku hiyo kila mmoja alimwita mwenzake Paker, ambalo ni jina la Kimaasai kwa watu waliopeana kondoo, wala hawakuitana tena kwa majina yao. Baada ya kikao hawakuzungumza tena. Sasa nilidhani nimeelewa kwa nini: mzee aliona watu kumi na mmoja tu, na hakutaka kumwita rafiki yake mwongo mbele ya kamati.

"Huyu mzee bado yuko?" nikauliza.

"Sankale? Sijamwona tangu kiangazi. Labda ameshaenda."

Hapa nakiri jambo ambalo sijamwambia yeyote. Niliposikia labda mzee amefariki, nilifurahi. Haikuchukua muda mrefu kuliko kumeza chai, lakini nilifurahi, kwa sababu mstari wangu ungebaki wazi na lawama isingekuwa yangu.

"Aa, yuko," akasema Mama Naserian. "Mke wa kijana wake alikuwa hapa soko juzi. Wako upande wa Bissil. Lala hapa, kesho utaenda."

Kajiado hadi Bissil

Hadi Bissil si mbali, ila kutoka hapo ilibidi nitembee. Niliambiwa ni hapo tu mbele, na hapo mbele palichukua muda wa kutosha kiatu kimoja kufunguka soli. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani ili niheshimike.

Mzee ole Sankale alikuwa nje ya boma, ameketi kwenye kigoda, anachonga mpini wa shoka. Nilimnyooshea mkono nimsalimie. Naye akanyoosha mkono wake juu, kuelekea kichwa changu. Nilidhani anataka kuniondolea mdudu, nikarudi nyuma. Tukabaki hivyo, mikono yote miwili hewani.

"Inama," akasema mwanamke mmoja kutoka nyuma yangu akicheka. "Anataka kukusalimia."

Nikainama. Mzee akanigusa utosini. "Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu. Jibu hilo la salamu ya Kimaasai nilikuwa nalijua.

Mwanamke aliyecheka alikuwa Nasieku, mke wa mwanawe. Aliniletea maziwa ya mgando katika kibuyu, yenye harufu ya moshi wa mti wanaosafishia vibuyu. Mafunda mawili ya kwanza yalikuwa magumu. La tatu lilikuwa zuri, na la nne niliomba. Nilipomwambia mzee mimi ni mtoto wa nani, hakushtuka wala hakununa.

"Paker bado anakohoa asubuhi?" akauliza.

"Bado."

"Mwambie aache hiyo sigara."

"Aliacha, mzee. Ni vumbi ya saruji, ya kule kazini."

Akatikisa kichwa na kuendelea kuchonga. Nilikuwa na hofu ya kuingia katika jambo langu moja kwa moja. Katika magazeti nilikuwa nimesoma kwamba mwandishi mzuri huanza kwa maswali mepesi, ili mtu azoee. Nami nilikuwa nimeyaandaa.

"Mzee, uko na watoto wangapi?"

"Wako."

"Wako wangapi?"

"Wako tu."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikageukia mifugo. "Na ng'ombe je, uko na ngapi?"

Kisu kikasimama juu ya mpini. "Wamekula," akasema. "Wako sawa."

Akainuka, akaingia zizini, akanigeuzia mgongo. Nilibaki na daftari langu limefunguka, nikijua nimeharibu kila kitu na sijui nimeharibu nini.

Nasieku akanivuta mkono tukaingia jikoni kwake. "Kwani wewe ni mtu wa sensa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mzee hahesabu. Si watu, si ng'ombe. Sisi wengine tumezoea, hata shule tunahesabu watoto, lakini yeye na wazee wa rika lake hawawezi. Ukihesabu mtu ni kama unataka apungue."

"Sasa anajua aje kama ng'ombe mmoja amepotea?"

Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Anawajua. Wanaingia jioni, anawaangalia usoni. Kama yule mweusi wa madoa hayuko, anaona hayuko. Hesabu ya nini?"

Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa. Ilichukua muda kabla sijaelewa nilichoambiwa, kisha nikaelewa chote kwa mara moja. Mara tatu kamati ilimuuliza walikuwa wangapi. Mara tatu aliwaambia ukweli wote aliokuwa anaweza kuusema: walikuwa watu anaowajua. Mwenyekiti alikuwa mzaliwa wa mjini, mwalimu, akadhani anafichwa. Hakuna aliyefikiria kumuuliza vingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba maswali ishirini, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Nilitoka nje, nikamfuata hadi mlango wa zizi, nikafunga daftari.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Wewe ni mtoto," akasema. Hakuwa na hasira.

"Siku ile ya mechi ya mwisho, watu wa Kajiado waliokuwa uwanjani kipindi cha pili. Walikuwa akina nani?"

Aligeuka. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesubiri mgeni kwa miaka na sasa amemwona akija barabarani. Akaegemea mti wa zizi na kuanza kuwataja. Alianza golini. "Muthama, yule Mkamba mrefu. Mbele yake Lekishon na ndugu yake Parmuat. Upande wa soko, Otieno wa posta, alikuwa anakimbia akishika kofia." Kila mtu alikuwa na jambo lake: huyu alichechemea, huyu alitukana, huyu baadaye alioa binti wa fulani. Niliweka mikono nyuma ya mgongo na kukunja kidole kimoja kwa kila jina. Najua si adabu, lakini sikuweza kujizuia. Vidole vikaisha. Nikaanza mkono wa kwanza tena.

"Kasaine alikuwa mbele kabisa," akasema, na huyo akawa wa kumi na moja. Nilibaki nimekishika kidole hicho.

"Halafu Koinet," akasema. "Alikuwa amefuata ng'ombe yake."

Kona Baridi

Mzee aliniambia kwamba kiangazi kilimaliza ng'ombe wa Koinet, naye akahamia Kona Baridi, kule barabara ya Magadi inapoanza kuteremka bonde, anachoma nyama. Ningeweza kurudi nyumbani na jina lake tu. Lakini jina si maelezo, na mimi siwezi kuacha kitu nusu.

Nilirudi hadi Isinya, nikapata nafasi kwenye pikapu ya mtu anayeuza majani makavu ya ng'ombe, tukashika barabara ya vumbi inayoelekea Kiserian. Mvua ikanyesha, vumbi likawa tope, pikapu ikazama mpaka ekseli. Tulishusha majani yote, tukayatandika chini ya magurudumu, tukasukuma, kisha tukayapakia tena yale ambayo bado yangeuzika. Mwenye gari hakunilipisha. Alisema nimelipa kwa viatu. Nililala Kiserian kwa dada mmoja wa kanisa letu, na asubuhi nikafika Kona Baridi nikiwa na ndala za kuazima.

Koinet ni mrefu, amefunga aproni juu ya shuka, na upepo wa pale ulikuwa unapeperusha moshi wake hadi ng'ambo ya barabara. Nilinunua nyama ya mbuzi na ugali kwanza, ili asinidhanie mtu wa serikali, kisha nikamuuliza kuhusu siku hiyo. Hakuhitaji kufikiri.

"Nilikuwa natoa ng'ombe kwa soko. Hazikununuliwa. Njia ya nyumbani ilikuwa inapita kwa kiwanja, sasa ningeenda wapi?"

"Ulikuwa umevaa jezi?"

"Ya zamani. Nilikuwa beki miaka miwili, nikaacha juu ya ng'ombe. Mpira haikupatii maziwa."

"Na ulicheza?"

Akageuza ubavu mmoja juu ya makaa. "Mpira ilinijia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Niliipiga."

"Ikaenda wapi?"

"Nje. Ikawa ya kurusha, ya watu wa Kitengela. Mkarusha vibaya." Akaniangalia. "Mlikuwa mnarusha vibaya siku yote."

"Bao lilikuwa limeshaingia?"

"Kitambo. Nilisikia kelele nikiwa bado kwa soko."

"Kwa nini hukwenda kuambia kamati?"

"Hakuna mtu aliniita. Waliita wachezaji. Mimi si mchezaji, nilikuwa napita tu." Akakata kipande na kukisukuma kwenye sahani yangu. "Kwani hiyo maneno haijaisha?"

Nilimwambia haijaisha. Akaona ni kichekesho kikubwa, akamwita mwenzake wa duka la jirani aje asikie: ati yeye Koinet ndiye aliyeua ligi, yeye na ng'ombe wake ambao hata soko liliwakataa. Walicheka sana. Nilicheka pia, kisha nikaona macho yangu yana maji, nikasingizia moshi.

Rongai, kisha nyumbani

Foleni ya Rongai ilinipa muda wa kutosha kunakili kila kitu kwa usafi: majina kumi na mawili, moja chini ya jingine, mstari kwa mstari. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Baba hakusema uongo. Alihesabu kumi na wawili, na walikuwa kumi na wawili. Kajiado nao hawakudanganya. Hapakuwa na mwizi upande wowote, palikuwa tu na mtu na ng'ombe wake. Niliona jinsi nitakavyomsomea, na jinsi atakavyopumua.

Ilikuwa Jumapili mchana nilipofika. Baba alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza redio, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliona ndala zangu, akafungua mdomo kuuliza, lakini nilikuwa nimeshafungua daftari.

Nilimsomea majina kwa mpangilio wa mzee, kuanzia golini. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kwa Otieno wa posta akatabasamu. Nilipofika kwa Koinet, nilieleza tu kwamba zamani alikuwa beki na siku hiyo alikuwa anapita, amevaa jezi kuukuu. Baba akanyoosha mkono na kuzima redio.

"Alikuwa na fimbo," akasema. "Ameiweka mabegani, mikono imening'inia juu yake. Hata wakati alipiga mpira hakuishusha."

Sikuwa nimetaja fimbo. Koinet hakuwa ameniambia habari ya fimbo.

Nilisimama pale na daftari langu. Baba alikuwa anatazama maji ya beseni.

"Ulijua si mchezaji," nikasema.

"Nilihesabu kumi na wawili. Niliandika kumi na wawili. Hiyo haikuwa uongo, Nekesa." Akakoroga maji kwa mguu. "Vijana walikuwa wanalia. Mutua alikuwa amekaa ndani ya goli, anakataa kuinuka. Nikawaambia wangoje, nitawatafutia mechi ingine. Nilifikiri tutarudia Jumamosi inayofuata. Mechi moja tu."

"Na Mzee Sankale?"

"Alikuwa amesimama karibu na mimi kama wewe sasa. Aliona nikiandika. Nilijua hawezi kusema idadi, na kamati ingemuuliza idadi tu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayesoma barua ya zamani. "Hiyo ndiyo mbaya. Hiyo ya kuhesabu ni ndogo. Nilimjua, nikamtumia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mawili, na hili halikuwa mojawapo. Nilimwuliza niandike nini.

"Andika tulifungwa," akasema. "Kajiado moja, sisi bila. Andika na hayo mengine, vile nimekuambia, usipunguze."

Niliandika mbele yake. Alisubiri nimalize, akaufuatisha mstari kwa kidole, akarudisha daftari.

"Hicho kitabu kikitoka, Kajiado watasoma?"

"Watasoma."

"Hata kwa Sankale kitafika?"

"Nasieku atamsomea."

Alitoa mguu mmoja kwenye maji, akaukausha taratibu, kisha wa pili. "Basi kiweke kwanza," akasema. "Asisomewe kabla sijamwambia mwenyewe."

Kwa hivyo hilo ndilo jibu kwa nyote mlioniuliza. Kitabu kimekwisha, na hakitoki bado. Wiki hii baba amepiga pasi shati lake la bluu mara mbili, na mara mbili amelirudisha kwenye sanduku. Jana alimuuliza Mutua lori linaelekea wapi siku ya soko. Mimi simharakishi.